Waliniaga kwa Nyundo

Kila asubuhi, kwa miezi minne, mimi ndiye niliyekuwa nafungua madirisha ya karakana. Natundika mkoba kwenye msumari wa tatu, navaa aproni, nachota maji ndoo mbili, nafuta vumbi jeupe kwenye meza ndefu. Kisha naenda kwenye rafu yangu, nayagusa maumbo yangu ya plasta moja moja kwa kiganja kuona kama yamekauka. Hakuna aliyeniagiza. Ilikuwa nusu saa pekee ya siku ambayo hapakuwa na mtu wa kunitazama.

Asubuhi ya siku yangu ya mwisho nilikuwa kwenye ndoo ya pili. Mlango ukapigwa teke. Watu wanane wakaingia wakipiga makofi.

"Mgeni! Mgeni! Mgeni!"

Ndilo jina nililopewa siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuuliza kama nina jingine.

Aliyetangulia alikuwa Dada Kelele, mwanafunzi mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja bwenini. Mkononi alikuwa na nyundo.

Kwa msomaji ambaye hakuwa nami wiki iliyopita: nilikwenda nchi ya watu kwa muhula mmoja, kujifunza kutengeneza miguu bandia. Muhula ukiisha vizuri, chuo chetu cha nyumbani kinanipa cheti. Ukiisha vibaya, narudia mwaka mzima. Wiki iliyopita niliishia pale mkuu wa karakana, ambaye kwa siri wote tunamwita Mzee Milimita, alipochukua msumeno akaukata katikati mguu nilioutengeneza kwa wiki tatu. Kosa lake? Ulipwaya milimita tatu. Aliukata mbele ya darasa zima, akanirudishia vipande kama mtu anayerudisha chenji.

Mguu ule ulikuwa wa mshonaji mmoja, mama mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake. Nikaanza upya. Nikamfunga tena bendeji za plasta kwenye kigutu cha mguu wake uliokatwa, nikapata umbo jipya, nikalichonga siku nne, nikaliacha likauke. Siku hiyo ya mwisho nilibakiza kulivisha plastiki ya moto asubuhi, kuunga wayo mchana, na saa tisa mama avae asimame.

Umbo ndilo kila kitu. Ni nakala ya kigutu cha mgonjwa, na bila hilo plastiki haina pa kukaa. Mguu ukishakabidhiwa, umbo halina kazi tena. Na karakana ile ina mila yake: mtu akiondoka, wenzake ndio wanaomvunjia maumbo yake, kila mmoja pigo moja, na kila pigo na neno lake la kumuaga.

Mila hiyo hufanyika alasiri, baada ya hotuba. Lakini siku hiyo wakubwa wawili wa ofisi kuu walikuwa wanakuja kwenye hafla, na Mzee Milimita hakutaka vumbi kwenye suti zao. Akaamuru wavunje asubuhi. Mimi hakuna aliyeniambia.

"Hili la kwanza," akasema mwanafunzi mrefu wa mwaka wa tatu, "ni kwa chai zote tulizokukaribisha ukasema umeshiba."

Paa!

"Hili ni kwa kupita mlangoni kila siku bila salamu."

"Nilikuwa nasalimia," nikasema.

"Ulikuwa unamsalimia nani, sakafu?"

Wakacheka. Paa!

Nami nikacheka nao kidogo, kwa sababu ndivyo ninavyofanya watu wanaponicheka. Maumbo kumi na moja yakageuka vifusi. Likabaki moja, jeupe, safi, nimelilaza mwisho wa rafu.

Sasa nieleze kosa langu, maana lipo. Umbo ambalo bado linafanyiwa kazi huchorwa duara la bluu. Penseli ya bluu ni moja tu karakana nzima, na inakaa ofisini kwa Mzee Milimita, mfukoni mwa koti lake. Ijumaa nilikwenda mlangoni kwake mara mbili kuiomba. Mara ya kwanza nikasikia anakohoa, nikarudi. Mara ya pili nikabisha kwa kidole kimoja, nikasikia anamfokea mtu kwenye simu, nikarudi. Nikajiambia Jumatatu nitafika mapema kuliko wote, duara la nini?

Tena katikati ya umbo linaloendelea kufanyiwa kazi huwa kuna bomba la chuma la kulishikia. Mtu akiliona bomba anajua. Mimi nilikuwa nimelilaza bomba likielekea ukutani, lisije likamkwaruza mtu anayepita.

Dada Kelele akalisogelea. Akajinyoosha. Akasugua viganja.

"Na hili la nani, limenona hivi?"

Nimelirudia tukio hili kichwani mara nyingi, na kila mara nakuta kwamba muda ulikuwepo. Ulikuwepo wa kutosha. Neno lililohitajika lilikuwa moja: acha.

"Samahani," nikasema.

Akainua nyundo.

"Samahani," nikasema tena.

"Na hili," Dada Kelele akapaza sauti, "ni kwa miezi minne ya kulala na mtu kama nalala na kabati!"

Paa!

Bomba likadondoka. Likabingirika sakafuni likilia mpaka kwenye mguu wa meza, na kila mmoja aliyekuwa mle ndani, maana wote ni watu wa kazi hiyo, akaelewa sauti ile ni ya nini.

Makofi yakakatika.

"Mbona lina bomba?" akauliza Dada Kelele, taratibu.

"Ni la mama mshonaji," nikasema.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Milimita.

Ni mtu mfupi, msafi, mwenye rula ya chuma mfukoni mwa shati kama wengine wanavyoweka kalamu. Akaja mpaka kwenye rafu. Akaokota vipande viwili, akavipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akavigeuza.

"Duara liko wapi, Mgeni?"

"Sikuchora, Mzee."

"Kwa nini?"

"Penseli ilikuwa ofisini."

"Na ofisi ilikuwa wapi? Mwezini?"

Mtu akacheka kwa pua.

"Ijumaa nilikuwa ndani mpaka saa kumi na moja. Kwa nini hukubisha?"

"Niliogopa."

"Mtu mzima anaogopa mlango," akasema Dada Kelele, lakini hakuangalia upande wangu.

Mzee Milimita akaviweka vipande mezani, kimoja kando ya kingine, akavilinganisha kwa kidole.

"Fagia uchafu wako. Ukimaliza uje ofisini. Na safari hii ubishe."

Nilikuwa nimepiga magoti na kizoleo simu iliponitetemekea mfukoni. Mama.

"Mwanangu, kesho kaka yako anakuja kukupokea. Umeshapata karatasi zote?"

"Imebaki saini moja, mama."

"Ya nani?"

"Ya karakana."

"Ipate basi. Usije ukatuletea maelezo. Maelezo ya baba yako na ya kaka yako yanatutosha hapa nyumbani."

"Sawa, mama."

"Mbona sauti kama unaongelea ndani ya mtungi? Umekula?"

"Nimekula."

Sikuwa nimekula.

Karatasi aliyoizungumzia ni fomu ya kuondoka. Ina visanduku saba. Maktaba walishasaini. Bweni walishasaini, zahanati, jikoni, stoo, hata mlinzi wa geti alishasaini. Kisanduku cha saba ni cha mkuu wa karakana. Kikiwa kitupu, matokeo yangu ya muhula hayatumwi nyumbani. Na gari la uwanja wa ndege lilikuwa linanifuata kesho yake saa kumi na mbili asubuhi.

Nikabisha. Vidole vyote.

"Ingia. Kaa. Hapana, kiti hicho usikivute, kimepimwa hapo."

Nikakaa ukingoni.

"Mguu haupo," akasema. "Sasa nikusainie nini?"

"Naweza kuanza upya, Mzee. Siku tatu zinanitosha."

"Siku tatu unazitoa wapi? Kesho una ndege. Kitanda chako kimeshapewa mtu. Unataka kulala kwenye oveni?"

Nikasema hapana, Mzee, kana kwamba lilikuwa swali.

Akafungua kitabu kikubwa cha makabidhiano, akakigeuza upande wangu. Mstari wa kumi na mbili. Jina la mshonaji, namba yake ya mgonjwa, na kwenye nafasi ya mpokeaji alama ya kidole gumba, tayari. Pale wagonjwa hubandika kidole sehemu zote siku ya kwanza ya kupimwa, ati wasisumbuliwe mara mbili. Nafasi moja tu ilikuwa wazi, ya mtengenezaji.

"Weka saini yako hapo. Mimi naweka yangu kwenye fomu yako. Ripoti ya muhula inaondoka leo na wale wakubwa, na ndani yake itasema miguu kumi na miwili. Haitasema kumi na mmoja."

"Lakini hajaupokea."

"Ataupokea. Wiki ijayo nitamtengenezea mwenyewe."

"Kweli, Mzee?"

Akainua macho.

"Mgeni. Miezi minne hujawahi kuniuliza swali hata moja la kazi. Leo unataka kuanza na hilo?"

Hapa sitazungusha maneno. Hakunishika mkono. Hakunitishia. Kalamu ilikuwa mezani, nikaichukua mwenyewe, nikasaini. Na nilichokisikia moyoni baada ya kusaini, ambacho mpaka leo kinanitia aibu kuliko saini yenyewe, kilikuwa nafuu. Nilitoka mle ndani na fomu yenye visanduku saba vimejaa, nikawa natembea haraka kama mtu aliyepona.

Ofisi ya masijala, ambako fomu hupelekwa, ilikuwa imefungwa. Kwenye mlango wamebandika karatasi: warudi saa tisa, saa kumi wanafunga kabisa. Nikaikunja fomu, nikaitia ndani ya aproni, nikaenda bwenini kufungasha.

Nilimkuta Dada Kelele amepanda juu ya kitanda changu, anateremsha pazia nililoshona mwenyewe.

"Anayekuja kesho hataki pazia," akasema. "Nimemuuliza."

"Sawa."

"Umesaini?"

Nikasimama na soksi mkononi.

"Umejuaje?"

"Kila mwaka mgeni anasaini kitu siku ya mwisho. Wageni hamkawii kuondoka, ndiyo maana mnafaa kusainishwa."

"Ni karatasi tu. Wiki ijayo atamtengenezea mwenyewe."

Dada Kelele akashuka kitandani. Akanitazama kama ananipima urefu.

"Kwa plastiki gani?"

"Ya stoo."

"Stoo wanatoa plastiki kwa namba ya mgonjwa. Namba moja, mguu mmoja, miaka mitatu. Ukishaandikwa umepokea, namba inafungwa. Huo ni utaratibu wa wanaotoa vifaa, hata Mzee hawezi kuupindua. Namba ya yule mama umeifunga wewe leo."

Nikakaa juu ya sanduku langu. Likabonyea.

"Mwaka jana alikuwa mwalimu mstaafu," akaendelea. "Naye aliambiwa wiki ijayo. Mpaka leo anatembelea magongo. Nikimwona njiani mimi ndiye ninayehama upande."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo akalipuka. Nilikuwa nimemsikia akipiga kelele kila siku, lakini zile zilikuwa za furaha. Hizi zilikuwa nyingine.

"Nikuambie lini? Wiki ya kwanza nilikuuliza nyumbani kwenu mko wangapi, ukageukia ukuta! Nilipougua tumbo, uliniwekea dawa mezani ukaondoka kwa ncha za vidole, hata pole hukuitoa. Unaniwekea dawa kama unamwekea paka maziwa!"

"Ulikuwa umelala. Niliona aibu kukuamsha."

"Aibu! Aibu yako imefanana na dharau kama mtu na pacha wake, sisi tutazitofautishaje? Tumevunja maumbo kumi na mawili leo; ungenikaripia hata mara moja tu, ningesema kumbe ana damu huyu."

"Nifanye nini?"

"Usiniulize mimi. Mimi ndiye mwenye nyundo." Akalikunja pazia langu vizuri, kingo kwa kingo, kisha akalitupa juu ya sanduku. "Nenda kwenu, Mgeni. Mnajua sana kwenda kwenu."

Saa tisa karakana ilikuwa imegeuka ukumbi. Meza ndefu imefunikwa shuka, soda zimepangwa, biskuti kwenye sahani. Wakubwa wawili wa ofisi kuu walikaa mbele na bahasha ya ripoti magotini. Kitabu cha makabidhiano kilikuwa mezani mbele yao, kwa maonyesho. Mimi nilipewa kiti katikati, kama bibi arusi asiyependwa na wakwe.

Nikasikia magongo kwenye korido. Namjua mwendo wake. Mshonaji akaingia na mfuko wa plastiki ukining'inia shingoni, akasimama akaangalia soda, akaangalia suti.

"Kumbe mna sherehe? Mimi nimekuja kuchukua mguu wangu."

"Karibu, mama," akasema Mzee Milimita. "Kaa kwanza."

"Nimekaa miaka miwili, baba. Leo nimekuja kusimama."

Watu wakacheka. Akakaa hata hivyo, benchi lililonikabili, akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na viatu vipya, vyeusi, vya kamba. Viwili.

"Angalia," akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote. "Mwenye duka ananiuliza, mama, na kile cha kushoto utakifanyia nini? Nikamwambia funga mdomo, funga na viatu. Leo nalipia jozi, sijaja kuomba nusu."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

"Na wifi yangu nimemruhusu," akaendelea. Huyo wifi alikuwa amekaa kando yake mwaka mzima akimkanyagia cherehani, mmoja anashona, mwingine anakanyaga, wanagombana kila mshono. "Anaolewa Jumamosi. Jana usiku analia, ooh nani atakukanyagia? Nikamwambia nenda, mwana wee, umenichosha, kuanzia kesho nakanyaga mwenyewe. Nimeshapokea na magauni sita ya watu."

Mzee Milimita akagonga meza kwa rula. Akatoa hotuba. Alisema mgeni wetu alikuja hajui kushika patasi, leo anaondoka fundi. Alisema tulimkaripia, lakini ni kwa upendo. Nyuma mtu akakohoa.

"Na kama kitabu hiki kinavyoonyesha," akamalizia, akiwageukia wakubwa, "katika muhula huu mgeni wetu ametengeneza miguu kumi na miwili. Yote imekabidhiwa."

Makofi.

"Samahani, baba," mshonaji akainua gongo kama mwanafunzi anayeinua mkono. "Wangu ni wa ngapi?"

"Mama, tutafika huko."

"Nauliza hesabu tu. Umesema yote. Wangu umo?"

"Umo."

"Umo wapi? Humu?" Akaishika sketi yake upande wa kushoto, akaipungapunga. Ilipepea. "Mbona siuoni?"

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Mkubwa mmoja akafungua kitabu, akaanza kushuka na kidole.

"Kumetokea hitilafu ndogo," Mzee Milimita akasema haraka. "Utakuja wiki ijayo, nitakuhudumia mimi mwenyewe. Mgeni, simama uwaage wenzako. Masijala wanafunga saa kumi."

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili. Nikasimama. Hotuba yangu nilikuwa nimeikariri kwa wiki nzima.

"Nawashukuru walimu wangu. Nawashukuru wenzangu kwa ukarimu. Sitawasahau kamwe..."

"Wewe binti," mshonaji akanikata. "Wiki ijayo utakuwa wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Kwa hiyo hapa unaniaga."

"Ndiyo, mama."

"Unaniaga, au unanikimbia?"

Mkubwa wa ofisi kuu akawa ameacha kidole chake mahali fulani chini ya ukurasa.

"Nijibu. Tangu umefika unaninong'oneza kama niko mahututi. Geuka mama, nyoosha mama. Umekishika kigutu hiki miezi minne. Mume wangu hajakishika hata siku moja, anasema kinamtisha. Nikasema huyu mtoto ana mkono wa huruma, ataniondolea magongo. Na leo umeinamia viatu vyangu kama ndivyo vinavyoongea. Niangalie usoni!"

Nikamwangalia. Hakuwa analia. Alikuwa na hasira, na nyuma ya hasira alikuwa ameshajua.

"Mama, basi, mwache binti aondoke kwa amani," Mzee Milimita akasema. Akanigeukia, sauti ya chini. "Mgeni. Fomu yako. Dakika kumi."

Fomu ilikuwa ndani ya aproni yangu, imeshika joto la tumbo. Nilisikia ikikwaruza nilipovuta pumzi.

"Mguu wako haupo, mama," nikasema.

"Sauti!" akasema mtu nyuma. Ilikuwa sauti ya Dada Kelele.

"Mguu wako haupo. Umbo limevunjwa leo asubuhi, halikuwa na alama kwa sababu mimi sikuitia. Na kwenye kitabu hicho nimeandika kwamba umeupokea."

Mshonaji akashusha kiatu alichokuwa amekishika. Akakirudisha mfukoni pamoja na mwenzake, akaufunga mfuko. Kufunga kule kulinitisha kuliko maneno yake yote.

Mzee Milimita akasimama. Akakifunga kitabu, kidole cha yule mkubwa kikiwa bado ndani.

"Mgeni," akasema polepole. "Umechoka, una safari. Rudia ulichosema. Lakini fikiri kwanza."

Nilifikiri. Nilimfikiri kaka akiningoja kesho na gari la kuazima. Nilimfikiri mama na mtungi wake. Nilifikiri mwaka mzima wa kurudia, darasani na wadogo zangu. Nikaitoa fomu, nikaiweka mezani juu ya biskuti.

"Nimesaini uongo, Mzee, na wewe ndiye uliyenifungulia ukurasa," nikasema, na sauti iliyonitoka ilikuwa kubwa mno hata ikanishtua mwenyewe. "Kifungueni hicho kitabu, namba yake ifunguliwe. Kesho gari likija, mwambieni dereva aende zake. Siagi mtu hapa mpaka mama asimame."